Kutoka Mpagazi Hadi Mhandisi

Tukiadhimisha mwaka wa 10 wa umoja wetu, yafaa tukumbuke njia zetu. Katika karne ya 19 wazee wetu Wanyamwezi walichukua mizigo mabegani toka Tabora hata Bagamoyo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Jasho lilikuwa la wenyeji, lakini vipimo na hesabu vilishikwa na Wajerumani.

Hapa Igunga, Mto Mbutu ulipofurika njia ilikatika, na mkulima akangoja ng'ambo na pamba yake. Daraja lililojengwa katika miaka ya 2010 ni kazi ya wakandarasi wa Kitanzania walioungana, kama sisi wakulima tulivyoungana kuuza mazao. Umoja huo usingalifaa kitu pasipo elimu. Tangu 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha wahandisi. Na Chuo cha Ushirika Moshi, kilichofunguliwa 1963, kilifundisha makarani wa vyama kushika vitabu vya hesabu.

Daraja huchakaa, wala halijitengenezi. Basi, ndugu wanachama, tuuzapo pamba, daftari la mtoto litangulie. Atakayelitengeneza daraja hilo kesho yumo darasani leo, au yuko machungani.