Mrejesho

Maofisini neno hili limeshazoeleka: mkutano hudai mrejesho wa kikao kilichopita, mwalimu huwapa wanafunzi mrejesho wa mtihani. Limetokana na kitenzi rejesha, chenye asili ya Kiarabu. Mafundi wa elektroniki nao wanapaswa kulitumia bila kusita, kwani kwao lina maana yake halisi kabisa: sehemu ya ishara inayotoka kwenye amplifaya hurudishwa pale ilipoingilia.

Harold Black, mhandisi wa maabara za Bell, alichora wazo la mrejesho hasi tarehe 2 Agosti 1927 kwenye ukurasa wa gazeti la New York Times, akiwa ndani ya kivuko akienda kazini Manhattan.

Hasi hapa si ubaya. Mrejesho huo huipinga ishara ya mwanzo, na kwa kuipinga huirekebisha, mradi ufike kwa wakati. Chukua LM358, chipu ya amplifaya. Maelezo ya mtengenezaji yanataja pikofaradi 50 kuwa mzigo inaoweza kuuhimili ikiunganishwa bila kukuza ishara. Kebo ya koaksia ina takriban pikofaradi 100 kwa kila mita! Kebo hiyo, ikiwa kama kapasita, huchukua muda kujaa, mrejesho unachelewa, na mpingaji anageuka mchochezi. Kwenye osiloskopu, mstari uliopaswa kunyooka unajaa mawimbi.

Dawa yake mara nyingi ni rizista ya omu 10 hadi 100 kati ya mguu wa kutolea na kebo. Mrejesho uchukuliwe kabla ya rizista, usingoje kebo ijae.