Kabla ya Percy Jackson, Usukumani Tulishakuwa na Nusu-Miungu Wetu (na Hakuna Anayejua Nani Aliwatunga)

Si mnawajua wale vijana wa magrupu ya usiku? Kila mmoja anajipa jina, anajichagulia baba mungu na mama binadamu, halafu wanapigana kwa maandishi mpaka bando linakata. Huyu mtoto wa Zeus anarusha radi, yule mtoto wa Poseidon anatawala maji. Mmoja anaandika mhusika wake katokea wapi, wa pili anaongezea, wa tatu anabisha, mwisho wa siku dunia nzima imejengwa na hakuna mwenye nayo. Mchezo huo ulipata mashabiki kibao baada ya Rick Riordan kutoa kitabu cha kwanza cha Percy Jackson mwaka 2005.

Sasa nikwambie kitu. Mchezo huohuo umechezwa Usukumani tangu enzi za mababu, tena bila simu wala bando. Na sisi wa Bariadi tunaishi katikati ya matokeo yake, mazuri na mabaya.

TIMU MBILI

Karne ya 19, masimulizi yanasema, walikuwepo waganga wawili wakubwa, Ngika na Gumha. Kila mmoja akijiona dawa yake ndiyo kiboko. Ubishi haukwisha kwa maneno, ikabidi upimwe uwanjani: pigeni ngoma, tuone watu wataenda kwa nani. Waliomfuata Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu. Mpaka leo ukienda kwenye mashindano ya ngoma za Kisukuma baada ya mavuno, timu ni hizohizo mbili. Kama Simba na Yanga vile, unaikuta kwenu na unaishi nayo.

Sheria yake ni tamu. Timu mbili zinacheza wakati mmoja, kila moja na duara lake. Hakuna jaji mwenye filimbi. Watu wanatembea huku na huku, na mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Ndiyo maana wengine wanaleta chatu uwanjani, kama wafanyavyo Bayeye, wengine wanaingia na nungunungu, na Bagobogobo wanarusha majembe juu na kuyadaka bila kukosea mdundo. Yote hayo kukuvuta wewe uhame duara.

Na katikati ya duara yupo manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Huyu ndiye mtengeneza wahusika. Anajipa jina la sifa, anatangaza dawa yake imetoka kwa nani, anamchana mpinzani. Mpinzani naye anajibu, na watazamaji wanarudi nyumbani na hadithi ambayo kila mtu ataisimulia kivyake. Ikifika kijiji cha tatu, manju aliyekohoa tu jukwaani tayari kaambiwa amelogwa na mwenzake. Mamanju wengi hawajaandikwa popote. Kazi yao ipo, majina yamepotea.

STAA MWENYEWE

Mmoja tu alivuka akawa mkubwa kuliko timu: Ng'wanamalundi. Huyu alikuwa mtu kweli, jina lake Igulu Bugomola, mcheza ngoma, aliyeishi mpaka miaka ya 1930. Ila ukimuuliza mzee yeyote huku hatakuanzia kwenye ngoma. Atakwambia alinyoosha kidole mti ukakauka. Mwingine atakwambia wakoloni walimfunga wakashindwa kumshika. Wa tatu atakuambia ipo miamba yenye nyayo zake.

Ona kilichotokea hapo. Mtu mmoja wa damu na nyama, na maelfu ya watu wakamwongezea nguvu moja moja. Kila kijiji kilitaka awe amepita kwao. Hivyo ndivyo nusu-mungu anavyotengenezwa, na hakuna aliyeumia. Akipewa uwezo wa kukausha mti, yeye anapata heshima, sisi tunapata stori ya kusimulia.

DUNIA YENYEWE: GAMBOSHI

Sasa tuje nyumbani kabisa. Mtanzania gani hajasikia Gamboshi? Kijiji kipo hapahapa wilaya ya Bariadi. Stori inasema usiku kinageuka jiji, taa zinawaka, maghorofa yamejipanga, na asubuhi unakuta vichaka na ng'ombe. Inasemekana ndiyo makao makuu ya wachawi wa nchi nzima. Nani alianza kusema hivyo? Hakuna. Konda wa basi kaongeza taa, mwanafunzi wa bweni kaongeza maghorofa, mtu wa Dar ambaye hajawahi kuvuka Morogoro kaongeza uwanja wa ndege. Kama kazi ya ubunifu, ni noma. Hata Riordan angevua kofia.

Tatizo ni kwamba Gamboshi kuna watu. Kuna watoto wanaoenda shule, kuna wakulima wanaosubiri bei ya pamba kama sisi wote. Sasa fikiria unajaza fomu, pale kwenye kijiji unaandika Gamboshi, halafu anayekuhudumia anakuangalia mara mbili. Mhusika wa kwenye grupu ukimchoka unamfuta. Wewe uliyezaliwa Gamboshi unajifutaje?

Na wapo walioumia zaidi. Kwa miaka mingi kanda yetu, Shinyanga, Mwanza mpaka Simiyu, bibi wazee wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi. Alama yao? Macho mekundu. Macho mekundu ya mwanamke aliyepuliza moto wa kuni na kinyesi cha ng'ombe kwa miaka hamsini ili watu wale! Majirani walimtungia mhusika: huyu anaroga, huyu ana fisi, huyu ndiye aliyeua mtoto wa fulani. Kila mtu aliongeza kidogo, kama kwa Ng'wanamalundi. Tofauti ni kwamba yeye hakupewa heshima, alipewa panga. Na waliotunga hawajulikani, kwa sababu kila mmoja alisema neno moja tu.

SIKIO LA BIBI

Wazee wetu walishaliona hili. Kwenye ile hadithi ya Masala Kulangwa, zimwi Shing'weng'we linameza watu wote na mifugo yote, anabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Mtoto anazaliwa, anakua, analiua zimwi, anapasua tumbo, watu wote wanatoka. Kwingine hadithi ingeishia hapo kwa shangwe.

Ila Wasukuma wameongeza kitu. Wakati anapasua, kisu kinakata sikio la bibi kizee mmoja. Bibi anakasirika, anataka kumroga. Na shujaa aliyeua zimwi hamkimbizi wala hamuui. Anatafuta dawa, anamtibu sikio lake. Baada ya hapo ndipo watu wanampa utawala.

Umeona? Bibi mwenye hasira alikuwa na sababu. Alikuwa ameumizwa. Shujaa alimsikiliza, akatengeneza alichoharibu. Huyo bibi hana jina kwenye hadithi, lakini bila yeye Masala Kulangwa angekuwa muuaji wa zimwi tu, asingekuwa mtawala.

Kwa hiyo endeleeni kutunga, wanangu. Mtungeni mtoto wa Ngika anayepigana na binti wa Gumha, mpeni chatu, mpeni jembe linaloruka. Hiyo ni mali yetu na inapendeza kuliko Zeus wa kuazima. Ila ukisikia stori inayompa nguvu mtu anayeishi mtaani kwenu, asiyeomba kuwemo kwenye mchezo, usiongeze neno lako. Kalipuuze hilo grupu, nenda kamsalimie bibi.

Haya, tuambie hapo chini: kijijini kwenu Ng'wanamalundi alifanya nini? Na kama umezaliwa Gamboshi, leo uwanja ni wako, tusimulie kwenu kukoje kukipambazuka.