Mwambao Ulipoulizwa: Ujumbe wa Sir James Robertson, 1961

Miongoni mwa mambo ambayo Waislamu wa Afrika ya Mashariki huyataja mara nyingi na kuyachunguza mara chache ni habari ya Mwambao wa Kenya na jinsi Mahakama ya Kadhi ilivyopata nafasi yake katika Katiba ya nchi ile. Wako wanaodhani kuwa ilikuwa hisani ya Mwingereza alipokuwa akiondoka. Wako pia wanaodhani ni haki iliyojiweka yenyewe, maadam Waislamu wako pwani tangu zamani. Dhana zote mbili hazina msingi. Jambo lile lilitokana na watu kuulizwa wanataka nini, nao wakajibu. Katika waliyoyataka, kubwa kuliko yote wakanyimwa, na yaliyoonekana madogo ndiyo yaliyobaki.

Ili habari ieleweke, budi turudi nyuma kidogo. Tarehe 14 Desemba, 1895, Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamed bin Thuwaini, na Arthur Hardinge kwa niaba ya Serikali ya Uingereza, walitia sahihi mapatano juu ya ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, kuanzia Kipini hata mpaka wa kusini karibu na Vanga, pamoja na visiwa vya Lamu. Waingereza wangeutawala ukanda huo, lakini enzi ingebaki kwa Sultani. Kila mwaka Sultani angelipwa pauni 17,000, yaani kodi ya pauni 11,000 na riba ya pauni 6,000 juu ya fedha nyingine. Kwa hiyo, bara ilipofanywa koloni mwaka 1920, Mwambao haukuwa koloni, bali ulihesabiwa kuwa himaya, na bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu pale Mombasa. Waliwali, Mamudiri na Makadhi wakawa na kazi zao, na Mwislamu wa Malindi au Lamu akajua pa kupeleka shauri la ndoa na mirathi.

Hata wale waliokaa mbali na bahari mapatano hayo yaliwahusu. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na Kampala mwaka 1931. Kitambaa, chumvi na vitabu vya madrasa vilivyofika Uganda kwa njia hiyo vilipita kwanza katika ardhi ya Sultani, ingawa ni wachache waliolikumbuka jambo hilo wakati wa kulipia shehena.

Basi miaka ya 1960 ilipoingia na uhuru wa Kenya ukakaribia, likazuka swali ambalo hapo kabla halikumsumbua mtu. Mpangaji anahama, je, nyumba itarudi kwa mwenyewe, au itachukuliwa na mpangaji mpya anayekaa chumba cha pili? Na wale waliozaliwa humo ndani, wana kauli gani? Mwaka 1961 Serikali ya Uingereza na Sultani, ambaye wakati huo alikuwa Sayyid Abdullah bin Khalifa, walikubaliana kumteua mtu mmoja aende akasikilize kisha awapelekee wote wawili shauri lake. Mtu huyo alikuwa Sir James Robertson. Alikuwa amefanya kazi Sudan zaidi ya miaka 30, akafika cheo cha Katibu Mkuu wa Serikali huko, kisha akawa Gavana Mkuu wa Nigeria hadi mwaka 1960. Kwa hiyo hakuwa mgeni wa mambo ya Waislamu, wala Sharia haikuwa neno geni masikioni mwake.

Alifika mwezi wa Oktoba, 1961. Hapa yafaa msomaji aangalie vizuri swali aliloagizwa kulijibu. Hakutumwa kuwauliza watu wa pwani wanataka kutawaliwa na nani. Alitumwa aseme ni mabadiliko gani yanayofaa kufanywa katika mapatano ya 1895 kwa sababu ya mwendo wa mambo ya siasa katika Afrika ya Mashariki. Hapakupigwa kura. Waliokuwa na neno walipeleka hati za maandishi au wakaenda mbele yake kwa makundi wakanena, kisha yeye peke yake akayapima maneno yote kwa mizani yake. Ukiwa umepewa swali la namna hiyo, majibu yako hata yawe mazito vipi yatasomwa kwa kipimo cha swali.

Na majibu yalikuwa mengi, tena yalipingana. Walikuwako waliotaka Mwambao urudi Zanzibar. Walikuwako waliotaka usimame peke yake kama nchi, na katika sauti zilizosikika sana upande huo ilikuwa ya Sheikh Abdilahi Nassir na chama cha Coastal People's Party. Hoja yao ilikuwa kwamba pwani haikuwa sehemu ya koloni, na kwamba watu wachache wenye dini na desturi zao wangemezwa na bara mara bendera ya Mwingereza itakaposhuka. Upande wa pili walisimama wanasiasa wa Kiafrika. KANU na KADU, vyama vilivyogombana karibu katika kila jambo, havikukubali pwani ikatwe kutoka Kenya. Ronald Ngala, kiongozi wa KADU na mwenyeji wa pwani mwenyewe, aliona kinga ya wachache imo katika serikali za majimbo, si katika kuvunja nchi.

Kusema kweli Waislamu wenyewe hawakuwa kauli moja. Haifai kuandika historia hii kana kwamba msikiti wote ulisimama safu moja nyuma ya Mwambao. Walikuwako Waislamu wa Kiafrika, Wadigo wakiwamo, ambao bendera ya Sultani haikuwakumbusha dini, bali iliwakumbusha ardhi. Mwaka 1908 serikali ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya pwani. Aliyeweza kufika mbele ya ofisa na kuthibitisha milki yake aliandikiwa hati. Ardhi ambayo haikuthibitishwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Waarabu, Waswahili wa mjini na Wahindi walizijua njia za ofisini. Wamijikenda wengi, ambao kwao ardhi ilikuwa ya ukoo na haikuwa na karatasi, walijikuta ni maskwota katika mashamba waliyoyalima wazazi wao. Mtu wa namna hiyo alipoulizwa mwaka 1961 kama anataka utawala wa zamani wa pwani uendelee, jibu lake halikuwa gumu kulikisia.

Kurudi Zanzibar nako kulikuwa na kizuizi chake. Mwezi wa Juni, 1961, miezi minne tu kabla ya Sir James kufika, uchaguzi wa Zanzibar uliishia katika machafuko yaliyoua watu 68. Nyumba inayoungua haikaribishi wageni.

Taarifa ya Sir James ilitolewa mwishoni mwa mwaka 1961. Shauri lake lilikuwa kwamba mapatano ya 1895 yaondolewe na Mwambao uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru, lakini Waislamu wapewe dhamana katika dini yao, katika mahakama za Kadhi, katika hati zao za ardhi na katika mafundisho ya watoto wao. Wapenzi wa Mwambao walihuzunika, na wengine walisema kuwa hukumu ilipikwa kabla ya kesi kusikilizwa. Neno hilo lina ukweli kwa kiasi. Bandari ya Kilindini ilikuwa mlango wa Kenya na Uganda, na si rahisi kuamini kuwa serikali yo yote ya London ingeuacha mlango huo katika mikono ya nchi ndogo yenye upana wa maili kumi. Walakini si haki kusema kuwa safari ile ilikuwa bure. Katika jambo kubwa Sir James alifika na njia nyembamba ya kupita. Katika mambo ya Kadhi, wakfu, misikiti na shule, alikuwa na nafasi ya kusikia, naye alisikia.

Mwaka uliofuata ulionyesha kuwa kusikilizwa na kukubaliwa si kitu kimoja. Oktoba, 1962, tume nyingine ya watu wawili, mmoja wa Nigeria na mmoja wa Kanada, ilikwenda Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwauliza watu wake, ambao wengi ni Wasomali na Waislamu. Tume iliona kuwa watu wengi wa huko wanataka kujiunga na Somalia. Uingereza haikufuata matakwa hayo, na mwaka 1963 sehemu hiyo ikabaki Kenya. Kule wengi walisema neno moja na hawakupewa. Pwani maneno yaligawanyika, na wakapewa sehemu.

Sehemu hiyo iliandikwa mwezi wa Oktoba, 1963, baada ya mazungumzo ya London ya mwaka 1962 na kubishana kwingi. Waziri Mkuu wa Kenya, Bwana Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Bwana Mohammed Shamte, waliandikiana barua, kisha tarehe 8 Oktoba mapatano yakatiwa sahihi, na enzi ya Sultani juu ya Mwambao ikafikia ukomo. Serikali ya Kenya iliahidi katika barua hizo kuwa raia wa Sultani walio Waislamu na vizazi vyao watakuwa huru katika ibada na watahifadhiwa nyumba zao za ibada na taasisi zao za dini. Iliahidi kuwa mamlaka ya Kadhi Mkuu na Makadhi wengine yatadumishwa katika mashauri ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Maofisa wa utawala katika sehemu zenye Waislamu wengi wangekuwa Waislamu kwa kadiri iwezekanavyo. Watoto wa Kiislamu wangefundishwa Kiarabu kwa kadiri iwezekanavyo, na msaada wa fedha kwa shule zao za msingi zilizokuwako ungeendelea. Na hati za milki ya ardhi zilizokwisha kuandikishwa zingetambuliwa daima.

Ahadi hii ya mwisho ndiyo iliyomfurahisha mwenye shamba na kumfungia mlango skwota. Waliokwenda mbele ya Sir James kulalamika juu ya sheria ya 1908 walishinda katika swali la bendera, wakashindwa katika swali la ardhi. Mabaraza ya ardhi ya pwani yaliendelea kulisikia lalamiko hilo miaka 50 na zaidi baadaye, kutoka kwa wajukuu wao.

Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Desemba, na Kenya tarehe 12 Desemba, 1963. Tarehe 12 Januari, 1964, mwezi mmoja barabara baada ya bendera ya Sultani kuondoka pwani, serikali ya Zanzibar ilipinduliwa. Sayyid Jamshid akaenda uhamishoni na Bwana Shamte hakuwa Waziri Mkuu tena. Aliyeandikiwa ahadi hakuwako tena kuidai. Tangu hapo kila neno katika barua zile lilibaki na nguvu ya mahali lilipoandikwa. Kadhi aliandikwa katika Katiba ya uhuru, akabaki. Sheria ya mwaka 1967 ikazieneza mahakama zake hata nje ya pwani, kwa hiyo Mwislamu wa bara akapata kitu ambacho hakuwa amekiomba mbele ya Sir James. Lakini habari ya maofisa wa utawala, na habari ya Kiarabu, zilikuwa zimeandikwa kwa lugha ya «kadiri iwezekanavyo», na katika mambo ya serikali maneno hayo ni mepesi kuliko unyoya.

Kadhi naye hakukaa kwa raha siku zote. Tume ya Kurekebisha Katiba ya Kenya, chini ya Profesa Yash Pal Ghai, ilipozunguka nchi mwaka 2002 kukusanya maoni, Waislamu walikwenda kwa wingi kutaka mahakama zile zidumu na ziimarishwe. Viongozi kadhaa wa makanisa walipinga zisiwemo katika Katiba hata kidogo. Mwezi wa Mei, 2010, Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kuwa kuwemo kwake katika Katiba ya zamani hakukubaliani na nchi isiyokuwa na dini ya serikali. Barua za 1963 zikatolewa makabatini na kusomwa upya. Tarehe 4 Agosti, 2010, kiasi cha theluthi mbili ya waliopiga kura waliikubali Katiba mpya, na ndani yake, katika Ibara ya 170, Kadhi Mkuu na Makadhi wasiopungua watatu wakatajwa kwa jina la kazi yao. Mwaka 1961 watu wa pwani waliulizwa na mtu mmoja asiyepigiwa kura. Safari hii waliulizwa wananchi wote, na wengi wao si Waislamu.

Waislamu wa Uganda wana habari yao inayofanana na hii, nayo haikwenda njia ile ile. Tume ya Katiba ya Jaji Benjamin Odoki, iliyofanya kazi tangu 1989 hata mwanzo wa miaka ya 1990, ilipokea maoni zaidi ya 25,000 kutoka vijijini na mijini, na Waislamu walikuwamo katika waliosema. Katiba iliyotangazwa tarehe 8 Oktoba, 1995, iliwataja Makadhi katika Ibara ya 129: ziwepo mahakama za ndoa, talaka, mirathi na ulezi wa watoto, kama Bunge litakavyoagiza. Miaka 20 ikapita baada ya hapo Bunge bila kutunga sheria ya kuziagiza. Masheikh waliendelea kuyaamua mashauri hayo misikitini, na nguvu ya hukumu zao ikategemea ridhaa ya wale waliokuja kugombana mbele yao.