Kompyuta ya kujibu maswali na mawe ya mwezini

Mimi huku Texas mzima, joto tu ndilo linatutesa.

Wengi mmeniuliza kuhusu hizi programu mpya za mtandaoni: unaandika swali kama unavyomwuliza mtu, nayo inakujibu kwa maelezo badala ya kukupa orodha ya tovuti. Wiki hii nimejaribu moja baada ya zamu za usiku. Nimeiuliza kwa Kiingereza, nikaiuliza kwa Kiswahili, kote imejibu. Lakini jamani, msidhani jambo hili limezaliwa jana! Sehemu ya historia yake iko hapa hapa Texas.

Tuanzie Dallas. Mwaka 1958 Jack Kilby, mhandisi wa Texas Instruments, aliunda sakiti nzima ndani ya kipande kimoja kidogo. Chipu zilizo kwenye simu zenu zinatokana na kazi ya namna hiyo, na mwaka 2000 ilimpa Kilby Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Mwaka 1961 watafiti wa MIT wakatoa BASEBALL, programu iliyojibu maswali ya Kiingereza kuhusu mechi za besiboli za msimu mmoja. Basi, miaka kumi baadaye ikafika zamu ya Houston. Wanaanga wa Apollo 11 walirudi Julai 1969 na kilo zaidi ya 21 za mawe na udongo wa mwezini, vikapelekwa kwenye maabara ya Houston. Vipimo vilikuwa vingi, na si kila mtaalamu wa mawe alijua kuandika programu. William Woods na wenzake wakatengeneza LUNAR, wakaionyesha kwenye mkutano wa sayansi ya mwezi Houston, Januari 1971. Wataalamu waliuliza kwa Kiingereza chao cha kawaida, na asilimia 78 ya maswali yalijibiwa vizuri.

Tofauti na za leo ni hii: LUNAR ilisoma majedwali ya vipimo. Kisichokuwamo, haikukijibu. Hizi mpya zimejifunza kutoka maandishi mengi mno, zinapanga maneno yanayoelekea kufaa. Kwa hiyo zinaweza kujibu kwa ufasaha hata pale zinapokosea.

Sasa sikilizeni, hapa naongea kama muuguzi. Huku Marekani sukari ya damu tunaipima kwa mg/dL. Huko nyumbani mashine nyingi zinasoma mmol/L. Saba ya huko ni 126 ya huku. Tuseme mashine ya bibi imeonyesha 15, nawe unauliza tu, "sukari 15, nifanye nini?" Kwa kipimo cha nyumbani hiyo imepanda sana, anahitaji matibabu. Kwa kipimo cha huku imeshuka kiasi cha kuua, na ushauri ungekuwa apewe kitu cha sukari haraka. Namba ni ile ile, dawa zinapingana!

Kwa hiyo ulizeni, wala msiogope. Ila andikeni kipimo, umri na dawa anazotumia mgonjwa, na jibu mlipeleke kwa daktari au muuguzi kabla ya kumpa mtu chochote. Wale wataalamu wa Houston walijua mawe yao, ndiyo maana walitambua jibu baya wakiliona.

Nisalimieni wazee wote. Tuombeane heri.