Nilidhani Ninawasoma, Kumbe Wao Ndio Walikuwa Wananisoma

Wasee, kabla tuingie kwa stori ya poka, wacha nianze na kadi yetu ya mtaani. Kama umewahi kucheza kadi nje ya duka ama kwa hosteli, unamjua yule msee ambaye akikaribia kusema "niko kadi" ananyamaza ghafla. Dakika mbili zilizopita alikuwa anabishana kuhusu Arsenal, sasa ametulia kama mtu ako kanisani. Huhitaji kuona karata zake. Unamwangalia yeye tu.

Mimi nilikuwa mkali sana kwa hiyo kazi ya kusoma watu. Ndiyo maana nikiwa mwaka wa pili chuoni, mtu aliponionyesha poka ya mtandaoni, nilijiambia hii ni pesa ya bure. Sikuwa najua historia ya huo mchezo. Ningeijua, labda leo ningekuwa na digrii.

Kwa wale hawajawahi kucheza: kwenye poka kila mtu ana karata zake za siri, na mnashindana kwa dau. Unaweza kushinda bila karata nzuri, bora umtishe mwenzako hadi atupe zake. Kwa hivyo tangu zamani wachezaji walisoma nyuso, mikono na pumzi. Mwaka wa 1984 Mmarekani anaitwa Mike Caro alitoa kitabu kizima kuhusu hizo ishara. Wazo lake kubwa lilikuwa rahisi: mwenye karata mbovu hujifanya mkali, na mwenye karata kali hujifanya mnyonge. Ukimwona mtu anapumua kwa huzuni huku akiongeza dau, kimbia.

Halafu tarehe 1 Januari 1998 tovuti ya Planet Poker ikaanza kuchezesha poka ya pesa halisi mtandaoni. Uso ukapotea. Hakuna macho, hakuna mikono kutetemeka. Wazee wa mchezo walishangaa: utamsomaje mtu ambaye ni jina tu kwenye skrini?

Jibu lilikuja polepole. Watu waligundua kwamba uso ukiondoka, tabia inabaki. Anaweka dau kubwa kiasi gani? Anachukua sekunde ngapi kabla ya kubonyeza? Akipoteza pesa nyingi, anatulia ama anaanza kucheza kama amerukwa na akili?

Mwaka wa 2003 dunia iliona vile hao watu wa mtandaoni wamekua. Mhasibu kutoka Tennessee, jina lake la ukweli Chris Moneymaker, alipata nafasi ya mashindano makuu ya dunia kule Las Vegas kupitia shindano dogo la mtandaoni lililomgharimu chini ya dola 100. Walikuwa wachezaji 839. Akafika mwisho na Sammy Farha, mtu aliyezoea meza kubwa kabisa. Kuna raundi moja Moneymaker hakuwa na kitu mkononi, lakini akasukuma kila kitu katikati ya meza. Farha alikuwa na jozi ya tisa, na ingetosha kabisa kushinda. Akamwangalia, akamwongelesha, akatafuta ishara. Moneymaker amekaa tu na miwani yake meusi, kimya. Farha akatupa karata. Moneymaker akaondoka na dola milioni 2.5, na mwaka uliofuata wachezaji waliojitokeza walikuwa 2,576. Kila mtu aliye na intaneti alijiona Moneymaker. Hata mimi, miaka mingi baadaye.

Lakini stori ambayo inaniuma zaidi ni ya Annette Obrestad, msichana wa Norway. Mwaka wa 2007 aliingia shindano la mtandaoni la watu 180 na akalishinda karibu bila kuangalia karata zake. Alisema alizichungulia mara moja tu. Alikuwa anaangalia nini? Wengine. Nani anaogopa, nani anatupa karata haraka, nani anang'ang'ania. Septemba mwaka huo akashinda taji la Ulaya jijini London na pauni milioni moja, siku moja kabla afikishe miaka 19.

Mimi nikasema, hiyo ndiyo mimi. Nikanunua daftari. Nikaandika majina ya wapinzani na tabia zao: "huyu akikawia anaogopa," "huyu akibonyeza haraka hana kitu." Nilijiona kama mpelelezi.

Hapa ndipo historia ingenisaidia. Tangu miaka ya 2000 mwanzoni, wachezaji wazito waliacha daftari. Walikuwa na programu kama PokerTracker, ambayo inahifadhi kila raundi waliyocheza na kuhesabu tabia ya kila mtu. Inakwambia huyu anaingia asilimia ngapi ya raundi, na ni mara ngapi anapandisha dau mwenyewe badala ya kufuata tu. Hizo namba mbili peke yake zinatosha kukujua. Ukiingia nusu ya raundi zote na karibu hupandishi kamwe, kwa lugha yao wewe ni samaki, na samaki hukaribishwa mezani kwa furaha.

Mimi nilikuwa nahukumu mtu kwa raundi thelathini. Na hata hizo sekunde nilizokuwa nahesabu zilikuwa uongo. Msee akikawia, pengine anacheza meza nane kwa wakati mmoja. Pengine mtandao wake umekwama, kama vile wangu ulivyokuwa unakwama bando zikikaribia kuisha. Uso angalau ni wa mtu. Sekunde inaweza kuwa ya mtandao tu.

Kwa wiki tatu nilipanda na kushuka. Usiku mmoja nikapoteza, nikataka kurudisha, nikaongeza. Saa kumi alfajiri karo ya semesta ilikuwa imeisha: shilingi 38,000 ambazo mamangu alitoa kwa chama.

Sisemi poka ya mtandaoni yote ni wizi. Wizi umewahi kuwa, na cha kufurahisha ni vile ulishikwa: kwa kusoma tabia. Mwaka huohuo wa 2007 kwenye tovuti ya Absolute Poker, mchezaji aliyejiita POTRIPPER alikuwa anajua kila wakati nani anadanganya na nani yuko na karata kweli. Wachezaji wenzake wakachambua rekodi za raundi zake na kuona hakuna binadamu anayeweza kubahatisha hivyo. Ikatoka kwamba alikuwa anaona karata za wote. Mwaka uliofuata tume ya Kahnawake, kule Kanada, ikamtaja Russ Hamilton, bingwa wa dunia wa 1994, kuwa mhusika mkuu wa wizi wa aina hiyo kwenye UltimateBet.

Lakini mimi sikuibiwa. Nilisomwa. Kuna tofauti.

Na mchezo umeenda mbele zaidi. Januari 2017, pale Pittsburgh, kompyuta inaitwa Libratus ilicheza raundi 120,000 kwa siku 20 dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa na ikawashinda wote. Haikuwa inawasoma sana. Kila usiku ilikuwa inaangalia ni wapi wao wamepata udhaifu wake, inaziba hapo, inarudi asubuhi. Mimi sikuwahi kukaa hata usiku mmoja nikaangalia mashimo yangu.

Ndiyo maana nikiona vijana wa rika langu wanaangalia ile ndege ikipaa kwenye simu, wanasema "nimeshaijua hii," roho inaniuma. Kwenye poka angalau kulikuwa na mtu upande wa pili. Hapo hakuna mtu wa kusoma. Kuna namba za bahati, na kuna kampuni yenye rekodi ya kila unachobonyeza. Na yule anayekuuzia utabiri kwenye Telegramu, jiulize kwa nini hautumii mwenyewe.

Nilikaa wiki moja kabla ya kwenda nyumbani. Nilikuwa nimepanga uso wangu vizuri, mpaka salamu niliifanyia mazoezi. Nikaingia, nikakula, nikaosha vyombo bila kuambiwa. Mama akaniangalia kutoka mlangoni na kuuliza, "Ni pesa ngapi?"

Sikurudi chuo. Sasa nafanya video na kuandika hapa, na kila mwezi namtumia kitu kidogo. Nimebakisha elfu kumi na mbili.