Utumbo ukiziba Unguja

Jengo la roshani za mbao zilizochongwa, linalotazama bandari pale Mizingani, lilianza kujengwa mwaka 1887 kwa fedha za tajiri Tharia Topan, liwe hospitali. Alifariki 1891 halijamalizika. Baadaye likawa zahanati. Zama hizo, mgonjwa akifikishwa tumbo limewambwa kama ngoma, anatapika, hapati choo wala upepo, daktari alikuwa na vidole na masikio yake tu kumwongoza: apasue au angoje?

Kungoja ni hatari. Utumbo huzibwa na ngiri iliyobanwa, makovu ya upasuaji wa zamani au kujisokota. Kwa watoto, hata fundo la michango (minyoo ya tumboni). Ukinyongwa, damu haipiti, na baada ya saa chache utumbo huanza kuoza. Eksirei ilipokuja ilisaidia sana, ila kwa kawaida mgonjwa ndiye aliyepelekwa kwenye mashine.

Mwaka 1958 daktari wa uzazi Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha za uvimbe wa tumboni zilizopigwa kwa mawimbi ya sauti, ufundi uliotoka kwenye vifaa vya kutafutia nyufa katika vyuma. Mwanamke mmoja aliyedhaniwa ana saratani isiyotibika alikutwa na uvimbe wa maji kwenye ovari, ukatolewa, akapona. Wakunga na madaktari wa uzazi waliukumbatia ufundi huo, ultrasaundi. Utumbo ukasahauliwa, kwa kuwa hewa huvuruga mawimbi. Lakini utumbo ulioziba hujaa maji, na maji huyapitisha vizuri! Daktari huona utumbo mwembamba umetanuka kupita sentimita 2.5, vilivyomo vikienda na kurudi bila kupita. Michango huonekana kama mistari sambamba, na iliyo hai hujinyonganyonga.

Zanzibar iliijua ultrasaundi ya kubebeka kupitia utafiti wa kichocho, ikitazama vibofu na figo. Michango nayo ilipigwa vita: kuanzia 2001 wananchi wa visiwa vyote viwili waligawiwa albendazoli pamoja na dawa ya matende. Bara, hospitali ya Muhimbili ilifungua idara ya dharura mwaka 2010, na ultrasaundi ya kando ya kitanda ikawa sehemu ya kazi yake.

Kwangu mimi, kifaa hiki kinahitajika zaidi katika hospitali za shamba za Kivunge na Makunduchi, pamoja na mtu aliyefunzwa kukitumia usiku. Picha huchukua dakika chache; daktari wa upasuaji mjini apigiwe simu na chumba cha upasuaji kitayarishwe gari la wagonjwa likiwa bado njiani.