Ukusanyaji wa vipande vya Lego

Ukusanyaji wa vipande vya Lego ni shughuli ya kutafuta, kutambua, kupanga na kuhifadhi kimoja kimoja vipande vya matofali ya kuchezea ya kampuni ya Lego yenye makao yake Billund, Denmark. Mkusanyaji wa aina hii hutofautiana na yule anayeweka seti nzima zikiwa bado katika maboksi yake. Kwake tofali moja, mlango mmoja au mnyama mmoja wa plastiki huweza kuwa na thamani, kama stempu moja ilivyo na thamani kwa mkusanyaji wa stempu.

Thamani hiyo hutegemea mambo manne: umbo la kipande, rangi yake, umri wake na hali yake. Wako wanaokusanya kwa sababu ya historia, wako wanaotafuta kipande kilichopungua katika seti ya utotoni mwao, na wako wajenzi wanaohitaji mamia ya vipande vya aina moja kwa kazi kubwa.

Historia ya tofali

Kampuni ya Lego ilianzishwa mwaka 1932 na seremala Ole Kirk Kristiansen. Jina lake limetokana na maneno ya Kidenmark "leg godt", yaani "cheza vizuri". Mwanzoni ilitengeneza vitu vya kuchezea vya mbao. Mwaka 1949 ilianza kuuza matofali ya plastiki yaliyofuata mfano wa matofali ya Kiddicraft, yaliyobuniwa na Mwingereza Hilary Fisher Page.

Matofali hayo ya kwanza yalikuwa na vinundu juu, lakini chini yalikuwa matupu, na baadhi yalikuwa na mipasuo ubavuni. Hayakushikana vizuri. Tarehe 28 Januari 1958 Godtfred Kirk Christiansen, mwana wa mwanzilishi, aliomba hataza ya muundo mpya wenye vibomba ndani ya tofali. Vinundu vya tofali la chini hubanwa na vibomba pamoja na kuta za tofali la juu, na jengo husimama imara bila gundi.

Muundo huo haujabadilika. Tofali la mwaka 1958 bado hushikana na tofali lililotengenezwa leo. Hii ni sababu kubwa ya vipande vya zamani kuendelea kutafutwa: ni kumbukumbu, na papo hapo bado vinafaa kwa kazi.

Plastiki nayo ilibadilika. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 matofali yalitengenezwa kwa selulosi asetati, ambayo hujikunja kadiri miaka inavyopita. Kuanzia mwaka 1963 kampuni ilihamia kwenye plastiki ya ABS, ambayo ni ngumu zaidi na hutunza umbo na rangi. Mwaka 1978 vilitokea visanamu vya watu wenye mikono na miguu inayosogea, ambavyo leo vina wakusanyaji wake maalumu.

Namna ya kutambua kipande

Vipande vingi vina namba ndogo iliyochorwa ndani au chini wakati wa kumiminwa katika kalibu. Namba hiyo huonyesha umbo. Kwa mfano, tofali la kawaida lenye vinundu 2 kwa 4 hujulikana kwa namba 3001. Vipimo vyake ni urefu wa milimita 31.8, upana wa milimita 15.8 na kimo cha milimita 9.6 bila kuhesabu vinundu.

Pamoja na namba ya umbo kuna namba ya kipande, ambayo huunganisha umbo na rangi. Tofali 3001 la rangi nyekundu lina namba 300121, na la rangi nyeusi lina namba 300126. Kwa mkusanyaji hivi ni vitu viwili tofauti. Ndiyo maana umbo linalopatikana kila mahali huweza kuwa adimu sana katika rangi fulani iliyotumika katika seti moja au mbili tu.

Umri hutambuliwa kwa alama nyingine: mwandiko wa jina la kampuni juu ya vinundu, umbo la vibomba vya ndani, na katika baadhi ya matofali ya zamani maneno "PAT. PEND." yaliyoonyesha kwamba hataza ilikuwa imeombwa lakini haijatolewa.

Sababu za kipande kuwa adimu

Sababu ya kwanza ni kutengenezwa kwa muda mfupi. Mfano maarufu ni mbuzi wa plastiki aliyetoka mwaka 2011 katika seti yenye mandhari ya kijiji cha kale cha Ulaya. Seti ilipoacha kuuzwa, mbuzi huyo mmoja alitafutwa kwa bei kubwa kuliko ile ya wanyama wengine wa Lego. Mwaka 2024 kampuni ilitoa tena mbuzi katika seti nyingine. Kisa hicho kinaonyesha hatari ya kununua kipande kama akiba ya fedha: uadimu wake unategemea uamuzi wa kampuni, nao huweza kubadilika siku yoyote.

Sababu ya pili ni kutolewa kwa idadi maalumu. Mwaka 2013 kisanamu cha rangi ya dhahabu kiitwacho Mr. Gold kilitengenezwa kwa idadi ya 5,000 na kuchanganywa na visanamu vingine katika pakiti zisizoonyesha kilichomo. Mwaka 2007, katika kuadhimisha miaka 30 ya filamu ya Star Wars, visanamu 5 vya roboti C-3PO vilitengenezwa kwa dhahabu halisi ya karati 14 na kutolewa kama zawadi.

Sababu ya tatu ni kwamba kipande hakikukusudiwa kuuzwa. Hapa yamo matofali ya majaribio, yaliyomiminwa ili kupima plastiki, rangi au kalibu mpya. Rangi zake huwa za ajabu, na baadhi hazikupata kamwe kuonekana katika seti yoyote ya dukani.

Mabadiliko ya rangi

Mwaka 2004 kampuni ilibadilisha rangi zake za kijivu na kahawia. Kijivu kipya kilielekea kidogo kwenye buluu. Kwa mtoto tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa wajenzi waliokuwa wamekusanya maelfu ya vipande vya kijivu lilikuwa pigo, kwani ukuta wa ngome uliochanganya vipande vya zamani na vipya ulionekana una mabaka. Wengi walilalamika. Tangu hapo vipande vya kijivu cha zamani vimekuwa na soko lake, hasa kwa wanaotengeneza upya seti za kabla ya mwaka huo.

Soko

Kabla ya intaneti vipande vilipatikana kwa kubadilishana, katika masoko ya mitumba na kwa kununua ndoo za matofali yaliyochanganyika. Mwaka 2000 Dan Jezek alianzisha tovuti ya BrickLink, ambapo wauzaji wa nchi nyingi huorodhesha vipande kwa umbo, rangi na hali, kipya au kilichotumika. Mnunuzi huweza kuona bei za mauzo ya miezi 6 iliyopita kabla ya kukubali bei. Mwaka 2019 Lego yenyewe ilitangaza kuinunua tovuti hiyo.

Wauzaji wengi hununua seti mpya na kuivunja, kisha huuza kila kipande peke yake. Kisanamu kimoja huweza kurudisha sehemu kubwa ya bei ya seti nzima, huku matofali ya kawaida yakiuzwa kwa senti chache.

Vipande vilivyopotea baharini

Tarehe 13 Februari 1997 meli Tokio Express, iliyokuwa ikitoka Rotterdam kwenda New York, ilipigwa na wimbi kubwa karibu kilomita 32 kutoka Land's End, kusini-magharibi mwa Uingereza. Kontena 62 zilianguka baharini. Moja lilikuwa na vipande 4,756,940 vya Lego, na kwa sadfa vingi vilikuwa vya mandhari ya bahari: mapezi ya wapiga mbizi, majani ya baharini, pweza na majoka.

Tangu wakati huo vipande hivyo vimekuwa vikitupwa ufukweni, hasa Cornwall. Kinachotafutwa zaidi ni pweza mweusi, kwa kuwa katika kontena walikuwamo 4,200 tu, wakati majoka yalikuwa 33,941. Mwingereza Tracey Williams alianzisha mradi wa kuandika kila kinachookotwa na mahali kilipookotwa.

Ukusanyaji huu una upande wake wa huzuni, kwa sababu kinachookotwa ni uchafu wa plastiki. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth walilinganisha matofali yaliyookotwa ufukweni na yaleyale yaliyohifadhiwa nyumbani, wakakadiria kwamba tofali la Lego huweza kudumu baharini kati ya miaka 100 na 1,300.

Hali na utunzaji

Miale ya urujuanimno ya jua hubadilisha matofali meupe kuwa ya manjano na kufifisha ya buluu na kijivu. Wakusanyaji wengine huyaloweka katika hidrojeni peroksaidi ili kurudisha weupe, lakini wengine hawakubali kazi hiyo, kwani manjano huweza kurudi. Baadhi ya vipande vya kahawia na vya nyekundu iliyoiva hujulikana kwa kuvunjika kirahisi vinapobanduliwa. Alama za meno, mikwaruzo na nyufa hushusha bei. Utunzaji bora ni kuviweka mbali na jua na joto, na kuviosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini tu.

Vipande bandia

Hataza ya mwaka 1958 imekwisha muda wake. Lego ilijaribu kulinda umbo la tofali kama alama ya biashara, lakini Mahakama Kuu ya juu ya Kanada mwaka 2005 na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2010 zilikataa, kwa hoja kwamba umbo hilo ni la kiufundi. Kwa hiyo kampuni nyingine huweza kutengeneza matofali yanayoshikana na ya Lego bila kuvunja sheria, mradi zisitumie jina lake.

Udanganyifu hutokea pale kipande cha namna hiyo, au kisanamu kilichochapwa upya, kinapouzwa kama cha asili. Mnunuzi makini huangalia jina la kampuni juu ya kila kinundu, namba ya ndani, ubora wa wino na jinsi kipande kinavyobana. Vipande vilivyopakwa rangi ya dhahabu au fedha huhitaji uangalifu zaidi, maana ni rahisi kuvipaka upya, na tofauti ya bei kati ya cha kweli na cha kuigwa huwa kubwa.